Brody Aligusa Sikio

Wiki iliyopita niliwaacha pale uwanjani Toledo, theluji inadondoka, mimi nimesimama kama nguzo ya umeme na mpira unapita juu ya kichwa changu kwenda mahali ambapo sipo. Aliyeudaka ni Mercer. Ndiyo, Mercer yule yule, beki tuliyecheza naye timu moja mwaka jana, wakamwacha, akahamia kwa wapinzani. Akaudaka, akakimbia nao uwanja mzima, na mechi tuliyokuwa tunaongoza tukaipoteza mbele ya watu wetu.

Kwa mliochelewa kuingia: mimi ni Lavelle Broussard, mtoto wa Opelousas, Louisiana. Watu wananiita Vel. Kazi yangu ni kukimbia pembeni na kudaka, mpokeaji wa timu ya Wahunzi, mpira wa Kimarekani wa mikono. Nilipotoka chuoni hakuna timu iliyonichagua. Niliingia kwa mlango wa nyuma, na kila mwaka nimebaki kwa kung'ang'ania kwa meno. Mrushaji wetu, Brody Hanneman, ndiye rafiki yangu mkubwa. Au niseme alikuwa.

Nawasimulia kama nilivyoyaona siku zile, msinikatize. Na nawaonya mapema: hasira zangu hazina adabu.

Sikilizeni ubaya niliofanyiwa. Uwanja ukijaa, kelele ni nyingi mno, hata ukipigiwa kelele sikioni husikii. Kwa hiyo Brody na mimi tulikuwa na ishara zetu za mkono, za sisi wawili tu. Hata kocha hazijui, na hataki kuzijua, maana siri wakiijua watu wengi inafika kwa wapinzani. Brody akigusa sikio la helmeti, maana yake: Vel, kimbia kidogo, simama, geuka, mpira unakuja mfupi. Tumeitumia hiyo tangu mwaka wetu wa kwanza. Naweza kuifanya nikiwa usingizini.

Brody aligusa sikio.

Nikakimbia kidogo, nikasimama, nikageuka. Na yeye, mshenzi yule, akaurusha mrefu.

Alinifuata pale nilipopiga magoti kwenye theluji. Akanishika bega, akainama.

"Vel, ibebe hii mbele ya waandishi. Mengine tutaongea."

Na mimi nikaibeba! Kwetu ndivyo ilivyo. Mpokeaji hamvui nguo mrushaji wake hadharani. Ukifanya hivyo, hakuna mrushaji nchi nzima atakayekutupia mpira tena. Nikaenda chumba cha kubadilishia, waandishi wakanizunguka na vinasa sauti vyao wakanisogezea mpaka mdomoni.

"Vel, nini kilitokea?"

"Kosa langu. Nilisimama mapema."

"Hukuona ishara?"

"Nimesema kosa langu."

"Hicho kidole gumba, kiliathiri mchezo?"

Nikakitazama. Kina plasta. Sikujua imetoka wapi. Siku ya mechi watu wa huduma ya kwanza wanakufunga plasta na bandeji kila kona, hata huulizi. Nikasema ni baridi, nikaenda zangu kuoga.

Keosha, mke wangu, alikuwa ananisubiri kwenye gari. Miezi hii yeye ndiye anaendesha. Anasema mimi nimechoka, na yeye ameanza kupenda kuendesha kwenye theluji. Mwanamke wa Louisiana kupenda theluji! Nikacheka, nikamwachia usukani.

"Umesema kosa lako," akaniambia.

"Nimesema hivyo kwa waandishi. Ni la Brody. Atalisema ndani, kwa makocha."

Akawasha wipa.

Mama akapiga simu kabla hatujafika nyumbani. Mama yangu anaujua mpira kuliko nusu ya makocha niliowahi kuwa nao, na ulimi wake hauna breki.

"Wewe Lavelle! Mbona umesimama katikati ya uwanja kama unasubiri basi?"

"Mama, ndivyo nilivyoambiwa."

"Na nani? Mercer? Maana ni yeye aliyefaidi."

"Mama, tafadhali."

"Kanisani wiki ijayo watanitazama kama nimeiba sadaka. Hebu nipe Keosha niongee na mtu mwenye akili."

Keosha akaongea naye kwa sauti ya chini, ndiyo mama, hapana mama, nitakwambia mama. Nikaona hata mama yangu mzazi amehamia upande wa pili.

Nyumbani tulikuwa na mtu wa tatu, Jarvion, mdogo wake Keosha. Na yeye ni mpokeaji. Timu ya Texas ilimwacha kabla ya msimu kuanza, nikamchukua, akawa analala chumba cha chini. Kiangazi chote alikimbia na mimi na Brody uani kwetu, akala mezani kwetu, akajifunza kila tunachokijua. Kila kitu. Hata ishara.

Mezani hasira zilinipanda upya.

"Aligusa sikio!" nikagonga meza, bakuli la gambo, mchuzi wa kwetu Louisiana, likaruka. "Mliona kwenye televisheni, hamkuona? Aligusa sikio, halafu anarusha mrefu kama mwendawazimu!"

Jarvion akaacha kutafuna. "Lakini shem, sikio si..."

"Jarvion," dada yake akamkata, "lete chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yake. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nasubiri Jumatatu, Brody aseme.

*

Jumatatu tunakaa chumba cha picha, timu nzima, taa zimezimwa, mnaangalia makosa yenu kwenye ukuta. Ni mahali pa kudhalilishana. Kocha mkuu, Walt Kessinger, ni mzee asiyecheka hata ukimtekenya. Alipofika kwenye mpira ule, akasimamisha picha. Mimi pale ukutani, nimegeuka, mikono tupu. Mpira hewani.

"Hapa," akasema, "watu wawili wanacheza michezo miwili tofauti. Nani alikosea?"

Nikamtazama Brody. Nikamsubiri afungue mdomo. Jamani, nilimsubiri yule mtu kama mgonjwa anavyosubiri daktari.

Brody alikuwa anatazama viatu vyake.

"Brody," kocha akasema, "nimekuuliza."

"Ni mambo yetu wawili, kocha. Tutayamaliza."

"Mambo yenu yamenipotezea mechi. Vel amekwisha sema hadharani ni lake. Kuna mtu ana la kuongeza?"

Mtu niliyesimama naye kwenye harusi yangu, mtu ambaye watoto wake wananiita mjomba, amekaa pale na mkataba wake mnono mezani, na hana hata neno moja la kuniokoa. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Vel wa siku hizi bwana," na mwingine akacheka. Nikahisi uso unaniungua.

Tulipotoka nilimfuata Brody mpaka kwenye makabati.

"Kwa nini hukusema?"

"Vel, sikiliza. Kuhusu Ijumaa..."

"Ijumaa gani! Nakuuliza Jumapili!"

"Tukae mahali tuongee. Wewe, mimi, na Keosha."

"Mke wangu anahusika nini na mkono wako mbovu?"

Akanyoosha mkono kunishika. Nilimsukuma, mgongo wake ukagonga kabati, mlango ukalia. Kila mtu akageuka. Unajua alichofanya? Hakunirudishia. Alinitazama kwa macho ya huruma, kama mimi ni kilema. Afadhali angenipiga ngumi.

Kocha Sikes, kocha wetu sisi wapokeaji, alinivuta korido. Huyu ni mtu wa Mississippi, tunaelewana.

"Unajiharibia, kijana. Na kuna jambo bora ulisikie kwangu. Kesho wanaleta mpokeaji kumjaribu."

"Nani?"

Sikes akajikuna shingo. "Shemeji yako."

Nilicheka. Nilicheka mpaka koo likaniuma. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba Sikes, mwezi uliopita, amkumbuke Jarvion nafasi ikitokea. Nafasi imetokea. Ni yangu.

Sasa mwangalie Brody alivyonikaanga. Kosa lake nimelibeba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema leo ni lake, wataniuliza, mbona jana ulisema ni lako? Na ishara tunaijua sisi wawili tu. Nani atanishuhudia?

Halafu nikakumbuka. Si wawili. Ni watatu.

*

Nilimkuta Jarvion jikoni anaosha vyombo. Aliponiona akakausha mikono haraka.

"Shem, sikuomba nafasi yako. Walinipigia wao."

"Najua. Sina ugomvi na wewe. Nataka kitu kimoja tu. Kesho nitamwambia Sikes amwambie Brody akupe ishara ya Jumapili mbele ya kocha mkuu. Brody akigusa sikio, wewe kimbia unavyojua. Basi. Sikufundishi, sikutishi."

Rangi ilimtoka. "Shem, una hakika unataka hivyo?"

"Ishara unaijua, huijui?"

"Naijua."

"Basi umeniokoa. Na nafasi utapata tu, unadaka vizuri kuliko wote pale ukinitoa mimi."

Nilimpiga mgongoni. Hakucheka. Nikadhani ni woga wa majaribio, kila mtu anaupata. Nilipokuwa napanda kulala nikamsikia anagonga mlango wa chumba cha kufulia, alikokuwa dada yake. Wakafunga mlango.

*

Jumanne theluji ilikuwa imefika magotini, majaribio yakahamia ndani ya ukumbi. Jarvion alikimbia vizuri. Alidaka vizuri. Mimi nimeegemea ukuta, mikono kifuani. Nilishaongea na Sikes, Sikes akamnong'oneza mkuu, na mkuu alinitazama kutoka mbali muda mrefu kabla ya kuitikia kwa kichwa.

"Brody!" akaita. "Mpe kijana ishara ya Jumapili. Ile ile. Halafu urushe kama ulivyorusha."

Brody akashusha mpira. "Kocha, sitaki."

"Mnamwona!" nikapiga kelele. "Hataki! Muulizeni kwa nini hataki!"

"Vel, nakuomba," Brody akasema. "Si hapa. Si mbele za watu."

"Hapa hapa! Ulininyamazia mbele za watu, utaumbuka mbele za watu!"

"Mpe," mkuu akasema.

Brody aliinua mkono polepole. Akagusa sikio, huku ananitazama mimi.

Jarvion akaondoka. Alifika pale ninapojua mimi, pale ambapo mguu unakita, mwili unageuka. Na akasita, nawaapia, mguu wake ukaburuza. Nikaanza kutabasamu.

Halafu akanyoosha. Moja kwa moja. Mpira ukamfuata mbali kule, ukamshukia mikononi kama ulipangiwa kuangukia hapo.

Sikes alivua kofia. Kocha mkuu alinigeukia tu, na sura yake haikuwa ya hasira. Mimi nilizoea hasira yake. Hiyo nyingine sikuijua.

Sikumbuki nilivyovuka ule ukumbi. Nilijikuta nimemkaba Jarvion fulana mpaka shingo inamtoka mishipa.

"Mnafiki! Umelala kwangu! Umekula kwangu! Umeniuza kwa jezi?"

"Nisamehe, shem." Alikuwa analia, mtu mzima na misuli yake yote, machozi yanamtiririka. "Nisamehe."

"Sema ukweli! Waambie sikio maana yake nini!"

"Nimekimbia ukweli, shem."

Ningempasua. Sikes na Brody walinivuta kila mmoja mkono wake. Brody ananiambia basi kaka, basi, basi, kama mtu anayembembeleza mtoto, na mimi namtukania mpaka bibi yake. Niliwaponyoka, nikatoka nje na fulana yangu ya ndani, baridi haikunipata hata kidogo.

Gari letu lilikuwa palepale mlangoni. Keosha yuko kwenye usukani. Hajaenda dukani kama alivyoniaga. Alikuwa amekaa pale muda wote.

Nilibamiza mlango. "Twende. Ukifika nyumbani mtolee mdogo wako mabegi nje. Ameniua. Ameungana na Brody, wameniua."

Keosha alizima gari.

"Washa gari, Keosha."

"Jarvion alitaka kusimama," akasema. "Pale unapotaka wewe. Jana alinifuata akaniambia, dada, kesho nitasimama nimwokoe shem, hata kama ni uongo. Mimi ndiye niliyemkataza. Nimemwambia akimbie kama ishara ilivyo."

Nilimtazama huyu mwanamke. Nilitafuta tusi, nikakosa.

"Sikio ni kusimama," nikasema. "Tangu mwaka wa kwanza."

"Mliibadilisha, Vel. Ijumaa. Kwa sababu ya Mercer, maana Mercer anazijua ishara zenu zote za mwaka jana. Brody alikuja nyumbani. Mlikaa jikoni mkazigeuza zote, sikio likawa kunyoosha. Ni wewe uliyesema liwe kunyoosha."

"Brody hakuja nyumbani Ijumaa."

"Alikuja na watoto."

"Keosha, acha. Brody amekulipa nini?"

Hapo ndipo alipolia. Mke wangu halii ovyo, nimemwona akizika baba yake macho makavu. Akanishika mkono wa kulia, akaibandua plasta taratibu kwenye kidole gumba. Chini yake kulikuwa na lengelenge, limepasuka, ngozi nyekundu.

"Hili umelipata wapi?"

"Baridi."

"Nilikuwa nakaanga kuku. Brody alisema kitu, ukacheka, ukapiga kikaango na kiwiko, kikaanguka. Ukakidaka. Kikaango cha moto, Vel, ukakidaka hewani kama mpira. Watoto wa Brody walipiga makofi. Jarvion alicheka mpaka akakaa chini. Ukasema, mnaona, hakuna kinachoniponyoka."

Nilikitazama kidole. Nilimtafuta kuku kichwani, nikayatafuta makofi, nikamtafuta Brody amekaa kwenye viti vyangu. Nilimtafuta kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi ya taa.

"Unafikiri kwa nini naendesha mimi?" akaniuliza. "Unasahau, Vel, kichwa kimegongwa mno. Mwezi wa kumi uliipitiliza njia ya nyumbani mara mbili. Ukaniambia unataka tutembee. Brody ameona pia. Tangu Jumapili ananipigia, ananiuliza afanye nini, akisema watakutoa, asiposema utauawa mle uwanjani. Amekunyamazia kwa ajili yako, na wewe umembamiza kwenye makabati."

"Mnanidanganya," nikasema. "Wote watatu mmekaa mkapanga." Lakini sauti ilitoka nyembamba, hata mimi sikuiamini. Na hasira, ile hasira niliyotembea nayo tangu Jumapili, nilikuwa bado ninayo kifuani, imejaa, inachemka, na sina wa kumpa.

Dirisha likagongwa. Alikuwa Kocha Sikes, theluji mabegani, kofia bado mkononi. Keosha akashusha kioo.

"Vel, mkuu anakuita ofisini. Daktari yuko naye." Akameza mate. "Anasema hataki maneno mengi. Brody ameambiwa amwandalie ishara zote mlizotumia Jumapili. Anataka na wewe uzitaje, moja moja. Ukizitaja, Jumapili ijayo unacheza."

"Hilo tu?" nikasema. "Twende."

Nilifungua mlango kwa mkono ule, lengelenge likagusa chuma, nikasikia moto. Nikaanza kuzipanga kichwani tukiwa tunavuka theluji, mimi na Sikes. Sikio, kunyoosha. Hiyo nimeambiwa sasa hivi.

Kiwiko.

Nikasimama pale pale, mlango uko mbele yangu, Sikes ameushikilia. Brody akigusa kiwiko, Vel. Kiwiko ni nini?